Kemikali babuzi zikivuja kiwandani: ulinganisho wa matangi, pampu, vizuizi na njia za kukabiliana

Anayepewa bajeti ya kuzuia mvujo wa asidi kiwandani huzungukwa na wauzaji kabla hajajua anachohitaji. Huyu ana tangi lisilolika, yule ana pampu isiyovuja, mwingine ana unga unaomaliza kila kemikali. Bidhaa hizo nyingi ni nzuri kweli, ila kila moja ni nzuri kwa kemikali fulani, yenye nguvu fulani, katika joto fulani. Chuma kinachohifadhi asidi ya salfuriki ya 98% kwa miaka mingi kitaliwa upesi na asidi hiyohiyo ikizimuliwa kwa maji. Kwa hiyo hapa hakuna mshindi mmoja. Nitalinganisha machaguo yaliyopo katika kila hatua, tangu tangi hadi usafishaji, na kusema lipi ningelichukua na kwa ajili ya kemikali ipi.

Kemikali ninazozizungumzia ni tano ambazo viwanda vingi huzitumia kwa wingi: asidi ya salfuriki, asidi ya hidrokloriki, asidi ya nitriki, kostiki soda (alkali kali) na haipokloraiti ya sodiamu (dawa ya klorini ya kung'arisha na kuua vijidudu). Asidi ya hidrofloriki nitaitaja pale tu inapovunja kanuni zinazofaa kwa nyingine, nayo huvunja kadhaa.

Tangi: chuma, plastiki au fiberglasi?

Tuanze na salfuriki kali, ile ya 93% hadi 98%. Chuma cha kawaida kinene ni chaguo halali kwake, jambo linalowashangaza wengi. Asidi inapogusa chuma hutengeneza tabaka jembamba la salfeti ya chuma, na tabaka hilo ndilo linalokilinda kisiendelee kuliwa. Lakini ni tabaka laini. Asidi ikipita bombani kwa kasi inayozidi kama mita 1 kwa sekunde, hulikwangua. Unyevu wa hewa ukiingia kupitia bomba la kupumulia, asidi ya juu huzimuka, ikaanza kula chuma na kutoa hidrojeni. Viputo vya hidrojeni vinavyopanda vikifuata njia ileile huchimba mifereji katika chuma, hasa upande wa juu wa tundu la kuingilia mtu. Ukichagua chuma kwa salfuriki, basi umechagua pia kichujio cha unyevu kwenye bomba la kupumulia, mabomba mapana ya kutosha kupunguza kasi, na kipimo cha unene wa ukuta kwa ratiba isiyorukwa. Asiyeweza kuyasimamia hayo matatu asichague chuma.

Poliethilini ya kawaida haikai vizuri na salfuriki ya 98%: asidi huishambulia taratibu hadi inakuwa ngumu na kupasuka. Kwa salfuriki iliyozimuliwa, kwa hidrokloriki na kwa kostiki soda, plastiki hiyohiyo hufanya kazi nzuri sana. Kinachosahaulika ni uzito. Lita moja ya salfuriki ya 98% ina kilo 1.84, na ya kostiki soda ya 50% ina kilo 1.53. Tangi la lita 10,000 lililoundwa kwa ajili ya maji hubeba tani 10. Lijaze salfuriki na umelibebesha tani 18.4. Kabla ya kuuliza bei, uliza tangi limeundwa kwa kimiminika cha uzito gani, na jibu lije kwa maandishi.

Hidrokloriki ndiyo inayowaumbua walioamini kwamba chuma cha pua kinafaa kwa kila kitu. Haifai kuwekwa katika 304 wala 316, aina mbili za chuma cha pua zinazotumika sana. Hapa ushindani wa kweli ni kati ya fiberglasi na chuma chenye bitana ya mpira, yaani kilichovishwa tabaka la mpira kwa ndani. Fiberglasi haina kutu, ila haipendi kugongwa, na mabomba mazito yakining'inia kwenye midomo yake hupata nyufa. Chuma chenye bitana huvumilia kugongwa, ila bitana ikitoboka mahali padogo kama ncha ya kalamu, asidi hula chuma kilicho nyuma yake na wewe huoni kitu hadi doa litokeze nje. Palipo na foriklifti na malori, ningechukua chuma chenye bitana na kuipima bitana kwa cheche za umeme kila tangi linapofunguliwa. Mahali palipotulia, fiberglasi ni nafuu kuitunza.

Nitriki ndipo chuma cha pua kinapostahili sifa zake. 304L hufaa kwa nguvu za kawaida za viwandani, ilhali chuma cha kawaida huliwa haraka na plastiki nyingi huchakaa nitriki ikiwa kali.

Kostiki soda ina mtego wa joto. Ile ya 50% huanza kuganda kwenye nyuzijoto kama 12, kwa hiyo watu huipasha. Ikipashwa kupita nyuzijoto 50 hivi ndani ya chuma cha kawaida, viungo vilivyochomelewa huanza kupasuka nyufa ndogondogo, isipokuwa kama vilipashwa upya baada ya kuchomelewa ili kuondoa mkazo. Dawa ya tatizo la kwanza inazaa la pili, na ndiyo maana kidhibiti joto cha tangi la kostiki kinastahili uangalizi sawa na vali yake kuu.

Kwa haipokloraiti nitasema jambo moja la kushika mkononi. Kimiminika hiki huoza chenyewe taratibu na kutoa oksijeni. Vali ya kawaida ya tufe ikifungwa, hubakiza kiasi kidogo cha kimiminika ndani ya tundu la tufe lake. Oksijeni hujikusanya humo, shinikizo hupanda, na siku moja vali hupasuka hali hakuna aliyeigusa. Vali za kazi hii hutobolewa tundu dogo upande mmoja wa tufe ili gesi irudi upande wa tangi. Tofauti ya bei ni ndogo. Kwa nje vali mbili hizo zinafanana, kwa hiyo tazama mshale wa upande wa kufungia.

| Kemikali | Tangi linalofaa | Epuka | Cha kuvunjia makali ikimwagika |
|---|---|---|---|
| Salfuriki 93–98% | chuma cha kawaida kinene, pasipo unyevu | plastiki ya kawaida, mabati | magadi (kaboneti ya sodiamu) au chokaa iliyozimwa |
| Hidrokloriki 30–37% | poliethilini, fiberglasi, chuma chenye bitana ya mpira | chuma cha kawaida na cha pua | magadi, bikaboneti, chokaa |
| Nitriki 50–68% | chuma cha pua 304L | chuma cha kawaida, shaba | magadi au bikaboneti |
| Kostiki soda 50% | chuma cha kawaida kisicho na joto kali, poliethilini | alumini, mabati | asidi ya sitriki |
| Haipokloraiti 10–15% | poliethilini, fiberglasi | karibu metali zote isipokuwa titani | salfaiti ya sodiamu. Asidi kamwe |

Beseni la zege au tangi la kuta mbili?

Kanuni inayotumika sana ni kwamba beseni la kuzuia, yaani ukuta na sakafu vinavyozunguka matangi ili kukamata mvujo, limeze 110% ya tangi kubwa kuliko yote lililomo ndani yake. Wengi hufika hapo wakaridhika. Kuna mambo mawili ambayo hesabu hiyo haiyaoni.

La kwanza ni mrusho. Tangi likitoboka pembeni, kimiminika hakidondoki wima, huruka. Kwa hesabu ya fizikia, tundu lililo katikati ya kimo cha kimiminika hurusha mbali kuliko tundu lolote jingine, na umbali wa juu kabisa unakaribia kimo chenyewe. Tangi lililojaa hadi mita 6 linaweza kurusha asidi karibu mita 6 kabla haijagusa chini. Beseni lenye ujazo wa kutosha ambalo ukuta wake mfupi uko mita 2 kutoka kwenye tangi litarukwa, na asidi itatua kwenye njia ya watu. La pili ni kwamba zege lenyewe huliwa na asidi. Beseni lisilopakwa rangi maalumu ya kemikali au kujengewa matofali ya kustahimili asidi litazuia mvujo kwa muda, kisha asidi itapenya kwenye nyufa na kuingia ardhini.

Tangi la kuta mbili linatatua yote mawili. Ukuta wa nje hukamata mrusho, na kihisi kilicho kati ya kuta hupiga kengele ukuta wa ndani ukitoboka. Halihitaji kufunguliwa vali ya kutoa maji ya mvua, vali ambayo katika mabeseni mengi huachwa wazi "kwa muda". Udhaifu wake ni kwamba linalinda tangi peke yake. Hosi ikichomoka, flenji (kiungo cha bomba kinachofungwa kwa bolti) ikilegea, au pampu ikipasua sili inayoziba mhimili wake, hakuna ukuta wa pili hapo.

Ndani ya jengo, mahali finyu, ningechukua kuta mbili bila kusita. Nje, kwenye matangi makubwa yenye sehemu ya kupakulia, ningechukua beseni lililopakwa vizuri, lenye eneo la lori ndani yake. Vyovyote utakavyochagua, asidi na haipokloraiti zisilale katika beseni moja. Zikikutana hutoa gesi ya klorini.

Mahali pa kupakulia: rangi na vibao, au viunganishi visivyoingiliana?

Tarehe 21 Oktoba 2016, katika kiwanda cha MGPI Processing mjini Atchison, Kansas, lori lililoleta asidi ya salfuriki liliunganishwa kwenye bomba la haipokloraiti. Wingu la klorini lilitanda juu ya mji, maelfu ya wakazi wakaamriwa wajifungie ndani au wahame, na zaidi ya watu 140 wakatafuta matibabu. Bodi ya Usalama wa Kemikali ya Marekani ilipochunguza iligundua kwamba midomo ya mabomba hayo mawili ilifanana na ilikuwa haijafika nusu mita kutoka mmoja hadi mwingine. Gesi ilipoanza kutoka, dereva hakuweza kurudi kwenye lori kufunga vali.

Vibao na rangi ni vya lazima, lakini kazi yao ni kumkumbusha mtu ambaye tayari anaangalia. Kiunganishi cha umbo au kipenyo tofauti kwa kila kemikali kinamzuia hata yule aliyechoka mwisho wa zamu: hosi ya salfuriki haikai kwenye mdomo wa haipokloraiti, basi. Ongeza kufuli ambalo ufunguo wake anao msimamizi wa zamu, na vali inayofungwa kwa kitufe kilicho mbali, pahali ambapo mtu anaweza kukifikia hata gesi ikiwa imeshatanda. Kama una fedha za jambo moja tu katika makala hii yote, zielekeze hapa. Upakuaji ndiyo saa ambayo hosi, dereva mgeni na shehena kamili vinakutana mahali pamoja. Tarehe 27 Septemba 2012 mjini Gumi, Korea Kusini, hidrojeni floridi, ambayo ikiingia majini ndiyo asidi ya hidrofloriki, ilivuja wakati wa kazi kama hiyo ya kupakua, na wafanyakazi watano wakafa.

Pampu, vali na flenji

Pampu yenye sili ya kawaida ni nafuu na fundi yeyote anaijua, ila sili huchakaa, na ikichakaa inavuja. Pampu ya sumaku haina sili inayozunguka kabisa. Nguvu hupita kwenye ukuta mzima kwa sumaku. Kwa hidrokloriki na salfuriki safi ningechukua ya sumaku. Adui yake ni kukimbia bila kimiminika na kupokea takataka: beringi zake hulainishwa na kimiminika chenyewe, kwa hiyo tangi likiisha pampu hujichoma kwa muda mfupi. Lazima iwe na kifaa cha kuizima pale nguvu inayotumiwa na mota inaposhuka ghafla. Penye mashapo au fuwele, sili mbili zenye kimiminika cha kinga katikati hudumu zaidi.

Bomba la kuchomelewa linashinda la flenji kila mahali ambapo hutahitaji kulifungua. Flenji zitakazobaki zivishwe ngao za kuzuia mrusho, hasa zile zilizo kwenye usawa wa uso.

Kwenye vali, aina ya vali ina uzito sawa na maelezo anayopewa anayeifungua. Tarehe 27 Julai 2021, katika kiwanda cha LyondellBasell kule La Porte, Texas, wafanyakazi wa mkandarasi walikuwa wakiondoa kifaa cha kuendeshea vali. Walilegeza bolti zilizokuwa zinashikilia kifuniko cha vali yenyewe, mchanganyiko wenye asidi ya asetiki ukafyatuka, na wawili wakapoteza maisha. Ukinunua vali mpya, penda ile ambayo bolti za kifaa chake na bolti za kifuniko huwezi kuzichanganya. Kwa zilizopo, zipakwe rangi bolti ambazo hazifunguliwi bomba likiwa na shinikizo.

Doria, vipimo au vihisi?

Katika kiwanda cha kusafishia mafuta cha Motiva huko Delaware City, Marekani, tangi la asidi ya salfuriki iliyokwisha kutumika lilikuwa limetobolewa na kutu kwenye paa na ukutani, na mivujo yake ilijulikana. Wakaguzi walipendekeza zaidi ya mara moja kwamba likaguliwe kwa ndani, ikaahirishwa. Tarehe 17 Julai 2001 mafundi walikuwa wakifanya kazi ya moto, yaani ya kuchomelea au kukata chuma, kwenye njia iliyo juu ya matangi, cheche ikawasha mvuke wa mafuta uliokuwa ndani ya asidi hiyo, na tangi likang'oka. Mtu mmoja alikufa, wanane wakajeruhiwa, na karibu galoni 99,000 za asidi, kama lita 375,000, zikaingia mtoni.

Naliona tukio hilo kila ninapoulizwa kama vihisi vinaweza kuchukua nafasi ya wakaguzi. Pale habari zilikuwepo, zimeandikwa. Kihisi cha ziada kingeongeza ripoti moja tu juu ya nyingine ambazo hazikufanyiwa kazi.

Kila njia kati ya hizi ina kinachoiponyoka. Doria ya kila zamu huona doa, chumvi iliyoganda kwenye flenji, harufu, rangi iliyobabuka. Haioni ukuta unaopungua kwa ndani. Kipimo cha unene kwa mawimbi ya sauti kinauona upungufu huo. Tuseme ukuta ulikuwa milimita 12, baada ya miaka 6 umebaki 9: unapoteza nusu milimita kwa mwaka. Ikiwa unene wa chini unaoruhusiwa ni 6, umebakiwa na miaka 6, na kwa kanuni ya nusu ya maisha yaliyobaki, kipimo kijacho kiwe ndani ya miaka 3. Lakini kipimo husoma pale tu kilipowekwa, na mfereji wa hidrojeni unaweza kupita sentimita chache pembeni. Kihisi cha kimiminika katika shimo la beseni hakilali, ila mvua humwamsha kila mtu bure, na baada ya kengele kadhaa za uongo watu huizima. Kihisi cha pH (kipimo cha ukali wa asidi au alkali, ambapo 7 ni maji safi na namba ndogo ni asidi) kwenye shimo hilohilo hutofautisha mvua na asidi, mradi kisafishwe na kupimwa mara kwa mara.

Kwa kiwanda kidogo: doria yenye orodha ya maandishi na kipimo cha unene kutoka kwa mkaguzi wa nje. Vihisi vya gesi vije kwanza penye hidrokloriki kali na haipokloraiti, kwa sababu huko mvuke humfikia mtu kabla ya kimiminika.

Mvujo ukishatokea: maji, kufyonza, kuvunja makali, au kuhamisha?

Kabla ya kuchagua chochote kati ya hivi vinne, watu waondoke waelekee upande upepo unakotoka, chanzo kifungwe kutoka mbali kama inawezekana, na mifereji ya maji izibwe. Mwongozo wa dharura unaotumiwa na vikosi vya uokoaji vya Amerika Kaskazini unataka angalau mita 50 kila upande ziachwe wazi kwa mvujo wa kimiminika cha aina hii, na zaidi ukiwa mkubwa. Dakika za mwanzo ni za kufunga na kuzuia. Nimesoma ripoti nyingi ambamo watu walikimbilia magunia ya magadi hali vali bado iko wazi.

*Maji* ndiyo yanayokuja akilini kwanza. Kwa mwili wa mtu hakuna mbadala wake. Kwa sakafu, ni chaguo la mivujo midogo ya kemikali iliyokwisha zimuliwa, penye mfereji unaokwenda kwenye mtambo wa kusafisha majitaka. Kuyamwaga juu ya dimbwi la salfuriki kali ni hatari: asidi hupata moto kiasi cha kuchemsha maji papo hapo na kurusha matone. Isitoshe, kuzimua pekee hakumalizi makali kwa kiasi watu wanachodhani. Kila hatua moja ya pH inahitaji maji mara kumi. Kuchukua lita 100 za asidi kali yenye pH 1 hadi pH 5 kwa maji matupu kunahitaji ujazo wa lita milioni 1. Umebadilisha tatizo la ndoo chache kuwa tatizo la bwawa. Maji yana kazi moja zaidi yanayoifanya vizuri: pazia la maji ya kunyunyizia hukamata mvuke wa hidrokloriki usisambae, mradi maji hayo yakusanywe.

*Kufyonza* kunafaa kwa lita chache hadi makumi ya lita. Kinachofyonza kichaguliwe kwa kemikali. Unga wa mbao na matambara ni mwiko kwa nitriki na salfuriki kali: hupata moto, na nitriki hutoa moshi wa kahawia wa naitrojeni dayoksaidi, ambao unaweza kumjaza mtu maji mapafuni saa kadhaa baada ya yeye kudhani amepona. Mchanga mkavu unafaa kwa nyingi, isipokuwa hidrofloriki, inayoshambulia silika ya mchanga na kutoa gesi yenye sumu. Kumbuka pia kwamba kilichofyonzwa hakijapoteza makali. Pipa la mchanga wenye asidi bado ni pipa la asidi, na lisiwe la chuma.

*Kuvunja makali* kwa magadi au chokaa ndiyo njia inayosifiwa zaidi na wauzaji, na ndiyo ambayo hesabu zake hufanywa mara chache. Chukua lita moja ya salfuriki ya 98%. Ina takriban kilo 1.8 za asidi tupu. Inahitaji karibu kilo 2 za magadi, au kilo 3.1 za bikaboneti, au kilo 1.4 za chokaa iliyozimwa. Magadi yatatoa zaidi ya lita 400 za gesi ya kaboni dayoksaidi, na bikaboneti mara mbili ya hapo. Sasa zidisha kwa lita 200, yaani pipa moja: magadi kilo 400, magunia manane ya kilo 50, na gesi ya kujaza chumba kizima. Ndani ya jengo lisilo na hewa ya kutosha, gesi hiyo peke yake inatosha kumwangusha mtu. Chokaa haitoi gesi, ila nayo hutoa joto jingi, hubabua ngozi na macho, na ukizidisha unabaki na sakafu yenye alkali kali.

Kwa hiyo dawa hii ni ya mabaki na ya mivujo midogo. Anzia pembeni ukielekea katikati, kidogokidogo, ukisubiri povu litulie. Tumia kilicho laini dhidi ya kilicho kali: bikaboneti au magadi kwa asidi, asidi ya sitriki kwa kostiki soda. Kumwaga kostiki soda juu ya asidi kali, au kinyume chake, huleta mchemko ambao hakuna miwani itakayokulinda.

*Kuhamisha* kwa pampu hadi kwenye tangi la akiba ndilo chaguo langu kwa mvujo wowote wa mamia ya lita uliokwishakamatwa ndani ya beseni. Hakuna gesi, hakuna joto, taka hazizidi kilichomwagika, na wakati mwingine kemikali hutumika tena. Linahitaji maandalizi ambayo viwanda vingi havina: tangi tupu la nyenzo sahihi, pampu ya kubebeka ambayo sehemu zake zinazogusa kimiminika zinaikubali kemikali hiyo, na hosi yake. Vitu hivyo vikinunuliwa baada ya mvujo, vimechelewa.

Mwili wa mtu: chupa ya kuoshea macho au bafu la kudumu?

Kiwango cha Marekani cha ANSI Z358.1 kinataka kioshea macho kitoe angalau lita 1.5 kwa dakika, na bafu la dharura karibu lita 76 kwa dakika, vyote kwa dakika 15 mfululizo, maji yakiwa ya uvuguvugu, umbali wa sekunde 10 za kutembea. Piga hesabu: jicho linahitaji lita 22.5, mwili zaidi ya lita 1,100. Chupa ya lita moja ukutani huisha kabla dakika haijatimia. Chupa iwepo kwa ajili ya kumsindikiza mtu hadi kwenye bafu, isihesabiwe kuwa ndiyo bafu. Karibu na kemikali kali, bafu liwe palepale, pasipo mlango wala ngazi katikati, nalo lifunguliwe kila wiki ili maji yenye kutu yatoke.

Asidi na alkali haziunguzi kwa namna moja. Asidi nyingi hugandisha nyama ya juu na hivyo kujipunguzia mwendo; maumivu huja mara moja. Kostiki soda huyeyusha mafuta na nyama na kuendelea kuzama, mara nyingi maumivu yakichelewa, kwa hiyo huoshwa kwa muda mrefu zaidi, nusu saa na kuendelea. Usimwagie mtu bikaboneti wala siki kwenye jeraha. Maji tu, huku nguo zikivuliwa. Hidrofloriki ni habari nyingine: hupita ngozi, hufunga kalsiamu ya mwili na inaweza kusimamisha moyo hata kwa eneo dogo la ngozi. Palipo na asidi hiyo, jeli ya kalsiamu glukoneti iwe karibu na bafu, na hospitali iwe imeshaarifiwa kabla ya siku ya ajali.

Glavu: nitraili nyembamba zinazouzwa kwa boksi hazifai kwa salfuriki wala nitriki kali. Kwa salfuriki ya 98% mpira wa butili ni chaguo salama. Soma jedwali la mtengenezaji kwa muda wa kupenya, kisha weka ratiba ya kubadilisha.

Kikosi chako au cha nje?

Kikosi cha nje kina mavazi kamili na uzoefu wa matukio makubwa, lakini kinafika baada ya muda. Kikosi chako kiko pale, ila kisichofanya mazoezi humweka mtu hatarini akidhani analindwa. Mgawanyo ninaoupendelea: watu wa zamu wafundishwe kufunga, kuzuia, kuosha majeruhi na kufyonza vya lita chache, chochote chenye wingu la mvuke au kinachotaka mtu avae mtungi wa hewa kiachwe kwa wa nje. Wape wa nje ramani ya mifereji na orodha ya matangi mapema, pamoja na namba za Umoja wa Mataifa za kila kemikali: 1830 kwa salfuriki, 1789 kwa hidrokloriki, 2031 kwa nitriki, 1824 kwa kostiki soda, 1791 kwa haipokloraiti.

Baada ya usafishaji, pima pH ya maji ya mwisho katika pembe za sakafu na chini ya misingi ya mashine, sehemu ambazo maji hayakai kwa usawa. Ikisoma kati ya 6 na 9 mara mbili mfululizo, eneo linaweza kufunguliwa. Kisha kagua bolti za nanga, vikamata vya nyaya na miguu ya chuma iliyoguswa na mvuke, na urudie ukaguzi huo baada ya wiki chache, kwa kuwa chumvi zilizobaki kwenye nyufa huendelea kula chuma kila unyevu unaporudi.